Gololi Imenyamaza, Mashimo ya Bao Yangalipo

Kipya kinyemi kingawa kidonda, walinena wahenga. Lakini hawakutwambia kipya hicho huzikwa wapi kikisha kuchakaa. Swali hili lilinikuta mjini Nakuru, katika karakana moja ya jua kali, nilikokwenda kutengenezewa bawaba ya sanduku langu la safari.

Nyuma ya karakana, baina ya majokofu mabovu na mageti yasiyopakwa rangi, niliona kitu ambacho sikukiona tangu ujana wangu Mombasa: mashine ya gololi. Kwa msomaji asiyewahi kuiona, hii ni meza ndefu yenye kifuniko cha kioo, imeinama kidogo kumwelekea mchezaji. Mtu hutumbukiza sarafu, akavuta mpini wenye springi na kuuachia. Gololi ya chuma ikapanda juu, kisha ikateremka ikigonga huku na huku, kengele zikilia na taa zikimetameta, naye akiirudisha kwa vipapatio viwili ili isiangukie shimoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sisi vijana wa chuoni tulichangishana senti ili mmoja wetu acheze, waliosalia tushangilie.

"Hii umeipata wapi, bwana fundi?" nikamwuliza.

"Mzee, ilitoka katika ukumbi wa michezo ya watoto uliofungwa. Aliyenunua vitu mnadani alitaka viti na meza tu. Hii nililetewa kwa bei ya chuma chakavu."

Alikwisha kuipasua tumbo. Ndani mlikuwa na transfoma, swichi tele na koili za waya wa shaba. Alinionyesha ile inayoendesha kipapatio: umeme ukipita, koili hugeuka sumaku, ikavuta kipande cha chuma, na kipapatio kikaruka. Shaba huuzwa kwa kilo. Mbao za ubavuni zitajengewa banda la kuku. Kioo kimekwisha kuwa dirisha la jirani. Na gololi? Mwanawe anaichezea uani.

"Haitengenezeki?"

"Mkono ninao, mzee. Vipuri sina, na mteja sina. Vijana wanacheza kwenye simu."

Nikautazama mdomo wa sarafu. Ulikatwa kwa kipimo cha shilingi yetu ya zamani, ile kubwa. Nikatumbukiza shilingi ya leo. Ikapita moja kwa moja ikaanguka chini, kama mgeni asiyetambuliwa mlangoni.

Basi msidhani hii ni huzuni ya mzee anayelilia ujana wake. Mna jambo zito ndani yake. Ndugu za mashine hii ni zile zenye kioo cha televisheni, zilizoenea duniani baada ya Wajapani kuutoa mchezo wa Space Invaders mwaka 1978. Kioo cha televisheni za aina ile kina madini ya risasi, na risasi imo pia katika lehemu ya mashine za zamani. Mtu akikivunja kwa nyundo, au akichoma nyaya ili apate shaba, vumbi na moshi huo ni sumu, hasa kwa watoto. Kenya ilipitisha sheria ya usimamizi wa taka mwaka 2022, nayo ni hatua njema. Lakini fundi wangu alikuwa akifanya kazi mikono mitupu, na mwanawe akicheza hatua tatu kutoka pale alipo. Kisichouzika huishia jaani, na jaa la mji huu kwa miaka mingi limekuwa Gioto, ambako wako watu wanaochakura ili wale.

Kuna na kifo cha namna nyingine. Miaka ya 2017 na 2018 serikali ilizisaka mashine za kamari sehemu nyingi za nchi, zikavunjwa na kuchomwa hadharani. Mwalimu wangu wa chuo alitufundisha mapema kutenga mchezo na kamari, na siwalilii wenye kamari. Lakini nyundo haina macho. Mjini New York, mwaka 1942, Meya Fiorello La Guardia aliipiga marufuku mashine ya gololi kwa kuiita kamari, akazivunja kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Marufuku ile ikaondolewa mwaka 1976, ilipoonyeshwa kwamba mchezo huo ni wa ustadi wa mkono. Leo zile zilizosalimika zina jumba lake la makumbusho huko Las Vegas, na watu hulipa ili wazicheze.

Jioni ile nilipanda Hyrax Hill, kilima cha pimbi, nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya Nairobi. Ndiko alikochimba Mary Leakey kuanzia mwaka 1937, akafukua makaburi na masalio ya wakazi wa kale. Juu ya mwamba kumechongwa safu za mashimo ya mchezo, jamaa wa bao letu la pwani lenye mashimo 32 na kete 64. Nikaokota vijiwe, nikavitia mashimoni. Mchezo ukakubali mara moja. Hautaki umeme, wala vipuri, wala sarafu ya kipimo maalumu.

Hapo nikafahamu: jiwe hujihifadhi lenyewe, bali mashine haihifadhiki ila kwa mtu. Makumbusho zetu zinaweka vyungu na mikuki, na ni haki. Lakini kizazi kilichokua kwa kengele za gololi nacho ni watu wenye historia yao. Tukihifadhi walau mashine moja, na zilizobaki zikafunguliwa na mafundi waliopewa glavu na mafunzo, tutakuwa tumeutunza mchezo, na mtoto wa fundi pia.

Asubuhi nilirudi karakanani. Meza ilikwisha kukatwa. Nilinunua mdomo wa sarafu kwa bei ya chuma, na mkono ukaniwasha nikaandika:

Mashine imenyamaza, taa zake zimezima,
Gololi haitacheza, haina wa kuituma,
Jiwe bado laeleza, kwa wajuao kusoma,
Tusije tukapoteza, kisha twende kulalama.