Kishikio cha Dirisha Kikivunjika

Mkulima, dirisha la chuma lisilofungika sawasawa huingiza mvua, na mahindi uliyoyaweka karibu nalo huweza kuota kuvu yenye sumu. Usilifunge kwa waya. Mwizi huukata upesi.

Kishikio kikiwa kimelegea tu, kaza skrubu zake. Kama kimevunjika, tia mafuta ya taa penye kutu, ngoja mpaka kesho, ndipo uzifungue kwa bisibisi. Usizigonge kwa nyundo, kioo kitapasuka. Nenda dukani na kile cha zamani mkononi, maana viko vya kulia na vya kushoto, na nafasi baina ya matundu hazilingani. (Wengi hurudi na kisichofaa.) Kabla ya kukaza kipya, sugua kutu, paka rangi, uiache ikauke.