Chunjua Katika Mikono ya Watoto

Mama mmoja wa Baraka ameketi mbele ya nyumba, ameshika wembe. Vidole vya mtoto wake vimeota vinyama vidogo vigumu, vyenye kukwaruza. Shuleni wenzake humcheka, wala hawataki kumshika mkono. Mama anataka kuvikata. Mama, weka wembe chini kwanza, usikilize.

Vinyama hivyo huitwa chunjua. Haviletwi na uchawi, wala kwa kugusa chura. Vinaletwa na virusi, yaani kijidudu kisichoonekana kwa macho. Huingia mahali ngozi ilipokwaruzika au ilipolainika kwa maji. Mtoto akiuma kucha au kukwaruza chunjua, hujipandia nyingine.

Kwa nini tusikate? Damu hutoka, na chunjua huenea. Wembe mchafu huweza kuleta pepopunda, na wembe uliotumiwa na mtu mwingine huweza kuleta UKIMWI au homa ya ini. Usitie maji ya betri, huunguza nyama. Usitie utomvu wa mnyaa. Ukiingia jichoni huweza kupofusha.

Basi tufanye nini?

Kwanza, kungoja si uvivu. Kwa watoto wengi chunjua hutoweka zenyewe katika muda wa miaka 2, bila kovu.

Pili, kama zinauma au zinamwaibisha mtoto, mwulize mwuguzi dawa ya asidi salisiliki. Kila siku loweka kidole katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 5, kausha, sugua polepole ngozi iliyokufa, kisha tia dawa juu ya chunjua tu. Paka vazelini pembeni ili ngozi nzima isiungue. Endelea hata majuma 12. Usiitie usoni wala sehemu za siri.

Tatu, zuia. Kila mtoto awe na taulo yake. Kata kucha zake. Avae kandambili mahali pa kuogea watu wengi. Funika chunjua kwa plasta.

Lakini si kila kitu kinachoota ni chunjua. Mwaka 2023 aina mpya ya mpox ilionekana Kamituga, katika jimbo letu la Kivu Kusini. Mtoto akiwa na homa, tezi zilizovimba, na vipele vyenye maji au usaha, usingoje: mpeleke kituo cha afya upesi. Fanya hivyo pia kama chunjua ziko usoni au sehemu za siri, zinatoka damu, au zinaongezeka haraka mno.

Na wewe mwalimu, na wewe mzazi wa Fizi, waambieni watoto kwamba mwenzao hana laana. Ana ugonjwa mdogo wa ngozi, nao utapita. Mcheko ndio huumiza kuliko chunjua.