Kutoka Chole hadi udaktari: njia mbili baada ya kidato cha nne

Kijana wa Chole, Mafia, aliyemaliza kidato cha nne na anataka kuwa daktari ana njia mbili. Tanzania haimtaki awe na shahada nyingine kwanza, kama ilivyo kawaida Marekani.

Njia ya kwanza ni kidato cha tano na sita, mchepuo wa PCB: Fizikia, Kemia na Baiolojia. Akifaulu, anaomba chuo kikuu, mfano MUHAS jijini Dar es Salaam. Sekondari ya juu ni miaka 2, shahada ya udaktari miaka 5 na utarajali hospitalini mwaka 1. Jumla miaka 8.

Ya pili ni stashahada ya utabibu ya miaka 3, kisha shahada hiyohiyo na utarajali. Jumla miaka 9.

Tofauti ni mwaka mmoja, lakini hatari si sawa. Wa kidato cha sita akikosa alama, hana taaluma mkononi. Mwenye stashahada tayari ni tabibu; anaweza kufanya kazi kwenye zahanati huku akiweka akiba. Ila naye ana sharti: wastani wa B au GPA ya 3.0, pamoja na ufaulu wa sayansi, Hisabati na Kiingereza kidato cha nne. Anayeridhika na kupita tu anajifungia mlango.

Mzazi, kabla hujalipa ada, hakikisha chuo kinatambuliwa: stashahada husimamiwa na NACTVET, shahada na TCU.