Kwa Nini Mume Apimwe Pia

Nyumba ikikosa mtoto, hapa Bunia na katika vijiji vya Ituri, mara nyingi watu humtazama mke peke yake. Anapelekwa huku na huku, ananyweshwa dawa, pengine anarudishwa kwa baba yake na mali ya ndoa inadaiwa. Mume hajaulizwa neno. "Mimi ni mzima," asema, "nina ndevu na nguvu." Ni kweli, nguvu anazo. Lakini nguvu za mwanaume na mbegu zake ni mambo mawili. Katika nyumba zisizopata mtoto, karibu nusu zina shida upande wa mume, yeye peke yake au pamoja na mke.

Tuangalie kazi hii inavyofanyika. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, kama punje ya haragwe. Hiyo ndiyo kapita, nayo hupokea amri kutoka sehemu ya ubongo iliyo juu yake. Kapita huyu hutuma wajumbe wawili ndani ya damu mpaka kwenye mapumbu. Waganga huwaita homoni. Mjumbe wa kwanza huamsha chembe zinazotengeneza testosteroni, ile inayoleta ndevu, sauti nzito na hamu ya mke. Wa pili huamsha chembe zinazolea mbegu ndani ya mirija myembamba sana. Mbegu haziivi pasipo testosteroni nyingi pale pale ndani ya pumbu, nyingi kupita ile iliyo katika damu.

Kapita huipima damu siku zote. Testosteroni ikizidi, hupunguza amri, ikipungua, huongeza.

Sasa, ndugu, sikia jambo ambalo wanaume wengi hawalijui. Mtu akichomwa sindano za testosteroni ili apate nguvu au misuli, kapita huona ghala limejaa, akanyamaza. Mapumbu hayapati amri tena. Yanasinyaa, na mbegu zaweza kwisha kabisa. Mtu huyu anajisikia dume kuliko jana, lakini hawezi kumpa mke wake mimba! Akiacha sindano, kwa kawaida mbegu hurudi, ila baada ya miezi mingi, na kwa wengine mwaka hupita. Basi usinunue sindano ya nguvu ambayo munganga hajui ni kitu gani. Na kama yeye ndiye aliyekupa testosteroni kwa ajili ya ugonjwa, mwambie kwamba unatafuta mtoto.

Mbegu hutengenezwa kwa siku 70 hivi, nazo hazipendi joto. Ndiyo maana mapumbu yako nje ya tumbo. Homa kali, kama ya malaria, yaweza kuharibu mbegu zilizokuwa zikiiva. Kisonono ni shida nyingine: mbegu zipo, lakini njia yake imezibwa.

Mume na mke waliokaa pamoja mwaka mzima bila mimba waje hospitali wote wawili. Kabla ya kupimwa, mume asilale na mke kwa siku 2 mpaka 7. Manii yawekwe katika chombo safi alichopewa, yafike kwa mpimaji kabla dakika 60 hazijapita. Kama aliugua homa karibuni, aseme; mbegu zikionekana chache, apimwe tena baada ya miezi 3.