Kulwa, Doto na Mkia wa Neno

Paukwa! Hadithi yangu ya leo haina sungura wala fisi. Ina mapacha wawili wa Mwanza, Kulwa na Doto, wanaoanza kujifunza Kijerumani. Ukisikia majina hayo unajua Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Lakini yupi wa kiume, yupi wa kike? Majina hayasemi. Hata wakikwambia kwamba wao ni Watanzania, bado hujui. Kijerumani hakikubali siri hiyo; siku ya kwanza tu kinaidai.

Mwalimu wao, mama wa Kijerumani, akamwita Kulwa. Akasimama: “Ich bin Tansanier.” Basi, mvulana huyo. Doto naye: “Ich bin Tansanierin.” Msichana. Sisi huanza na kichwa cha neno, ile m- ya Mtanzania, Mkenya, Mganda. Wajerumani hushughulika na mkia, na wa mwanamke huongezwa -in. Ndiyo maana kuna Kenianer na Kenianerin, Ugander na Uganderin. Mkongo ana mkia wake: Kongolese akiwa mwanamume, Kongolesin akiwa mwanamke. Hao wa namna hiyo wakariri tu.

Mmeiona s katikati ya Tansania? Si kosa la chapa. Hapo Wajerumani huisoma kama z yetu, na z yao husomeka ts. Ukiwaandikia kwa z, watasoma “Tantsania”. Na ch ya ich si ile ya chai. Tamka h ya “hii” kwa nguvu, ulimi uinuke karibu na kaakaa, pumzi ipite kwa shida.

Doto, aliyezoea Kiingereza, alitaka kuchomeka ein kabla ya Tansanierin. Haitakiwi. Rais Kennedy wa Marekani aliitumia, mjini Berlin tarehe 26 Juni 1963, aliposema “Ich bin ein Berliner”. Mpaka leo wapo wanaomcheka eti alijiita andazi, kwa kuwa Berliner ni jina pia la andazi lenye jemu ndani. Wanamwonea. Hakuwa akitaja alikozaliwa; alikuwa akiwaambia watu wa Berlin kwamba yuko upande wao, na kwa maana hiyo ein inafaa kabisa. Tena wenyeji wa Berlin andazi hilo huliita Pfannkuchen.

Mkia ukikusumbua, sema Ich komme aus Tansania, yaani natoka Tanzania. Hapo mvulana na msichana husema sawa.

Kisha mapacha wakasimama pamoja: “Wir sind Tansanier.” Wakiwa wamechanganyika, -in ya Doto imemezwa. Doto hakupendezwa, nami simlaumu.

“Na mwalimu je?” akauliza, akitega sikio asikie Deutscherin.

“Ich bin Deutsche,” akajibu mwalimu. “Mume wangu ndiye Deutscher.”

Mapacha wakatazamana. Safari hii neno refu ni la mwanamume! Mwalimu akacheka, akageukia ubao kuwaeleza kwamba Wajerumani, wanapojitaja wenyewe, hutumia neno lenye tabia za kivumishi.