Gari Linalogoma Asubuhi

Mwenye gari katika Masisi huamka na maswali mawili: je, njia inapitika, na je, gari litawaka? La kwanza halimo mikononi mwake. La pili ndilo twapenda kulizungumza leo.

Gari lililokufa kabisa halisumbui sana, kwa maana fundi huona mara kilichovunjika. Lisumbualo ni lile linalowaka Jumatatu, likagoma Jumanne, kisha likawaka mbele ya fundi kana kwamba halijapata kuugua. Ndipo mwenyewe hushauriwa kununua betri, kisha stata, kisha betri tena. Ada ya shule ya watoto imekwisha, na gari lagoma bado. Wala si jambo la fedha tu. Mara nyingi gari hilo hilo ndilo humchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa kwenda hospitali kuu ya Masisi, na uchungu haungoji.

Tazameni kwanza nchi ilivyo. Vilima vya Masisi hupita mita 2,000; Walikale iko chini ya mita 1,000, msituni, penye joto na unyevu. Injini ya dizeli haina cheche: huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Huko juu hewa ni nyepesi, uzito wake karibu nne ya tano ya ile ya pwani, tena ni ya baridi. Betri hulegea, na mafuta ya kulainisha injini huwa mazito. Plagi moja ya kupasha joto ikifa, asubuhi ya Masisi itaifichua. Dereva akishuka Walikale, ugonjwa waonekana umepona. Haukupona.

Walikale ina taabu zake. Unyevu huota kutu ya kijani katika ncha za nyaya, na mashimo hulegeza kila msumari. (Njia za huko ni za namna gani? Katika miaka ya 2000 ndege ndogo za kuchukua kasiteriti zilikuwa zikitua Kilambo, juu ya barabara yenyewe.)

Basi, kabla ya kununua chochote, wekeni daftari garini: saa, baridi au joto, mvua, mahali mafuta yaliponunuliwa, na sauti iliyosikika. Stata ikizunguka upesi na injini isiwake, msiilaumu betri. Tafuteni mafuta, hewa au joto. Ikilia “tak” mara moja na taa za mbele zikafifia, betri imechoka au kiungo chake kimeoza, au stata imekwama. Ikilia hivyo na taa zisififie, shukuni stata yenyewe au waya wake.

Kwa gari la volti 12, betri nzima iliyopumzika huonyesha kama 12.6. Ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, ni dhaifu. Kisha pimeni kati ya ncha ya hasi ya betri na mwili wa injini, stata ikizunguka: zaidi ya nusu volti ni dalili ya waya mbovu wa ardhi. Mafundi wengi hukiruka kipimo hiki, nasi twakiona cha thamani kuliko vyote, kwa kuwa waya ni rahisi na stata ni ghali.

Wenyeji wa vilimani huegesha mteremkoni ili gari lisukumwe. Si ujinga, ila huficha ugonjwa. Gari likiwaka vema lilipolala limeinamisha pua, na kukataa lilipolala tambarare, yawezekana mpira una ufa mdogo, hewa huingia na mafuta hurudi tangini usiku. Asubuhi pigeni pampu ya mkono iliyo juu ya chujio. Likiwaka mara, mmempata mwizi.

Mafuta yaliyouzwa kwa madumu na chupa huwa na maji mara nyingi. Chini ya chujio pana kizibo. Kilegezeni, mkinge katika chupa nyeupe, mwiache itulie. Maji hukaa chini, mafuta juu, na mpaka wake waonekana wazi.