Hata: asili na maana zake

Neno "hata" limetokana na Kiarabu "hattā", yaani "mpaka". Wanasarufi wa Kiarabu walilijadili sana kwa mfano wa mtu aliyekula samaki "hata kichwa". Je, aliishia kichwani, au kichwa nacho kililiwa? Katika Kiarabu fasaha, irabu ya mwisho ya neno "kichwa" ndiyo huamua. Kutokana na utata huo inaeleweka jinsi "mpaka" ilivyozaa maana ya pili, ile ya kujumuisha kisichotarajiwa: "hata watoto walikuja". Kihispania, kilichoishi karne nyingi na Kiarabu huko Andalusia, kina "hasta" yenye maana zote mbili. Kituruki na Kiajemi cha leo hutumia ile ya pili.

La kushangaza zaidi limo katika Kimalei. Katika hikaya zake za kale, "hatta" hufungua sehemu mpya ya kisa. Ngano za Kiswahili hufanya vivyo hivyo: "Hata siku moja sultani akatoka kuwinda." Hapo mfasiri asiye mwangalifu hujikwaa, kwa kuwa "Sultani hakutoka hata siku moja" ina maneno yale yale, na maana iliyo kinyume. Cha kutazamwa ni kitenzi: "-ka-" husogeza kisa mbele, ilhali ukanushi huigeuza "hata siku moja" kuwa "kamwe". Ukanushi huo umezoeleka kiasi kwamba "Hata!" pekee ni jibu kamili la kukataa. Maana ya kwanza, kwa upande wake, imepokonywa kazi na "mpaka" na "hadi". "Alikesha hata asubuhi" sasa husikika kama Kiswahili cha vitabu vya zamani.